Kwa Nini Stima ya Kiogoro Hulegea Saa Moja Jioni na Kupanda Usiku wa Manane? Rada Kamili ya Volti

Ukitaka kujua hali ya stima Kiogoro, skiza friji saa moja jioni. Mchana mzima ilikuwa inanguruma polepole, mambo poa. Giza likiingia inaanza kukoroma, inajaribu kuwaka, inashindwa, inajaribu tena. Pasi haipati moto. Birika linachukua dakika tisa kuchemsha maji ambayo asubuhi yalichukua tano. Halafu saa sita usiku, watu wote wakiwa wamelala, taa ya nje inawaka kali hadi unashangaa ni ile ile.

Mtaani kila mtu ana stori yake. Kuna wanaosema mtu fulani huko Kisii mjini amepunguza stima. Wengine watakwambia ni mita mbovu. Kuna hata anayeapa kwamba tokeni za siku hizi hazina nguvu.

Ukweli ni kwamba hakuna msee ameketi mahali na kinobu anakupunguzia. Sehemu kubwa ya volti inayokosekana kwako huwa imepotea njiani, mara nyingi kwenye zile mita mia chache kati ya transfoma na nyumba yako. Ukielewa inapoteaje, utajua ni lini ya kuvumilia, ni lini ya kupiga simu, na ni lini ya kukimbia kwa main switch kabla vitu havijaungua. Hiyo ya mwisho ni serious, tutaifikia.

Volti ni nini hasa?

Wale mmekaa ploti yenye mfereji mmoja mnaelewa hii haraka. Maji yako kwa paipu, lakini yanatoka kwa sababu kuna kitu kinayasukuma. Huo msukumo ndio volti. Maji yenyewe yanayopita ni karenti, tunaipima kwa ampea. Na paipu nyembamba inayobana maji ndio ukinzani wa waya, tunaupima kwa om.

Sasa jirani akifungua mfereji wake, wako unalegea. Si ati maji yameisha kwa tangi. Ni paipu imebeba mengi kwa wakati mmoja na msukumo umeishia njiani. Stima hufanya vivyo hivyo.

Hesabu yake ni fupi: volti inayopotea njiani ni ampea zinazopita mara ukinzani wa waya. Watu wakitumia zaidi, ampea zinapanda, na hasara inapanda. Waya ukiwa mrefu au mwembamba, ukinzani unapanda, na hasara inapanda tena. Shika hiyo, mengine yote yanatoka hapo.

Safari kutoka Olkaria hadi kwa soketi yako

Stima ya Kenya nyingi hutoka mbali na Gusii. Olkaria kule Naivasha ndio kituo kikubwa cha mvuke wa ardhini. Kutoka Ethiopia kuna ile laini ya volti 500,000 inayofika Suswa. Karibu na sisi kuna Sondu Miriu, yenye megawati 60, na Sang'oro, megawati 21, ambayo hutumia maji yale yale baada ya Sondu Miriu kumaliza nayo.

Umbali kama huo hauwezi kusafiri na volti 240. Cheki hii: kupeleka megawati 10 kwa laini ya fezi tatu ya volti 132,000 unahitaji karibu ampea 44 kwa kila waya. Kupeleka hizo hizo megawati 10 kwa volti 415 ungehitaji karibu ampea 14,000. Hakuna waya wa kubeba hiyo. Ungeyeyuka.

Ndio maana stima hupandishwa volti ikitoka kituoni, inasafiri juu kwa juu na ampea kidogo, halafu inateremshwa kwa hatua. Laini kubwa za volti 132,000 hufika sabstesheni. Hapo inashushwa hadi 33,000 au 11,000, zile laini unaona zimepita juu ya mashamba ya chai na ndizi. Mwisho kabisa inafika kwa transfoma yenu pale sokoni au karibu na shule, na kushushwa hadi 415 kati ya fezi na fezi, au 240 kati ya fezi moja na nyutro. Hiyo 240 ndiyo inaingia kwa keja yako.

Kifaa kinachofanya hiyo kazi yote ya kupandisha na kushusha ni transfoma. Ndani yake kuna koili mbili za waya zimezungushwa kwenye chuma kimoja, na hazigusani. Stima ya kubadilikabadilika kwa koili ya kwanza hutengeneza sumaku inayobadilika kwa hicho chuma, na hiyo sumaku inasukuma stima kwa koili ya pili. Koili ya pili ikiwa na mizunguko michache, volti inashuka. Ikiwa na mingi, inapanda. Hakuna kitu kinazunguka ndani. Ule mngurumo unasikia ukipita chini yake ni chuma kinachotetemeka kwa hiyo sumaku.

Mbona mwisho wa laini ndio huumia?

Hapa ndipo mambo ya Gusii yanaingia. Sisi hatujengi vijiji vya kubanana. Kila boma liko kwa shamba lake, moja juu ya kilima, lingine chini karibu na mto. Lakini stima ya vijijini ilianza kwa kufuata masoko, shule za upili na vituo vya afya. Kwa hivyo transfoma iko juu sokoni, na wewe uko huko chini kwenye mteremko, mwisho wa waya.

Mwaka wa 2015 mradi wa Last Mile ukaja. Ada ya kuunganishwa ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na waliolengwa walikuwa watu walio ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma. Maboma mengi yaliona stima kwa mara ya kwanza hapo, na hiyo ilikuwa poa sana. Lakini mita 600 za waya wa volti ya chini ni safari ndefu, na nyumba zilizoongezeka zote zinakunywa kwa paipu ile ile.

Tufanye hesabu. Waya wa aluminiamu wa milimita 25 za mraba una ukinzani wa karibu om 1.2 kwa kila kilomita. Tuseme ni laini ya fezi moja ya mita 600. Stima inaenda kwa waya wa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hivyo jumla ni mita 1,200. Ukinzani ni karibu om 1.44. Tuseme pia watumizi wote wako mwisho wa laini:

- Saa nane mchana, nyumba zinavuta ampea 10 kwa pamoja. Hasara ni volti 14. Unapata 226. Fiti kabisa.
- Saa kumi na mbili jioni, ampea 20. Hasara ni volti 29. Unapata 211. Bado unasukuma maisha.
- Saa moja na nusu, ampea 40. Hasara ni volti 58. Unapata 182. Hapo ndipo friji inaanza kukoroma.

Na hizo ampea 40 si nyingi. Shawa ya stima, ile ya instant, ya kilowati 5.5 inavuta ampea 23 peke yake. Watu wawili wakioga pamoja kwa fezi moja tayari wamezidi 40.

Transfoma nayo ina mwisho wake. Zile ndogo za vijijini za kVA 50 zinatoa karibu ampea 70 kwa kila fezi. Hizo ni shawa tatu kwa fezi moja, tisa kwa transfoma nzima, na hapo hakuna mtu mwingine amewasha kitu. Wakati ilifungwa, boma lilikuwa na taa mbili na redio. Leo kuna birika, pasi, friji, kinyozi, salon, na fundi wa kuchomelea mageti.

Kuna kitu kingine hakionekani: fezi kutogawanywa sawa. Transfoma ya fezi tatu ni kama matatu yenye milango mitatu. Kama mafundi waliunganisha nyumba nyingi kwa fezi moja kwa sababu waya huo ndio ulikuwa rahisi kufikia, hiyo fezi inazama huku hizo zingine zimekaa bure. Ndio maana unaweza kuona jirani wa ng'ambo ya barabara ako fiti na wewe unateseka, na transfoma ni moja. Dawa yake si transfoma mpya. Ni fundi wa kampuni kuhamisha nyumba kadhaa kwa fezi nyingine.

Sasa mbona usiku wa manane inapanda?

Transfoma nyingi za hapa zina swichi ndogo ya kurekebisha mizunguko ya koili, mafundi huita tap. Kwa kawaida ina nafasi tano, na kila hatua inabadilisha volti kwa asilimia 2.5. Lakini inasetiwa kwa mkono, stima ikiwa imezimwa. Haijiongezi jioni na kujipunguza usiku.

Kwa hivyo fundi ako na mtihani. Watu wa mwisho wa laini wanalia volti ni kidogo. Akipandisha hatua mbili, hiyo ni asilimia 5, sawa na volti 12. Transfoma sasa inatoa 252. Watu wa chini wanapata nafuu jioni. Lakini saa sita usiku, hakuna anayepika wala kuoga, ampea zimeisha, na hasara ya njiani imeisha pia. Hiyo 252 yote inafika kwa kila mtu. Mwenye duka karibu na transfoma ndiye ananunua balbu kila mwezi.

Ukiona hivyo, jua volti ya chini ya jioni na volti ya juu ya usiku ni ugonjwa mmoja. Laini ni ndefu kuliko inavyofaa kwa mzigo wake. Kupandisha tap ni kumpunguzia wa mwisho maumivu na kumwongezea wa kwanza. Dawa ya kweli ni transfoma nyingine karibu na waliko watu wa chini, ili laini ndefu igeuke kuwa laini mbili fupi. Au waya mnene zaidi.

Vitu gani vinaumia, na vipi vinakudanganya

Balbu ya LED inadanganya. Nyingi zina saketi ndani inayorekebisha, kwa hivyo volti ikishuka hadi 180 bado inawaka tu kama kawaida. Chaja ya simu nayo, soma maandishi yake madogo: mara nyingi ni 100 hadi 240. TV nyingi za kisasa ni hivyo pia. Ukitumia hizo kupima stima utasema kila kitu kiko sawa.

Vitu vya kupasha moto vinasema ukweli. Nguvu ya birika au pasi hufuata volti mara volti. Ukishuka kutoka 240 hadi 180, hiyo ni robo tatu ya volti, lakini nguvu inabaki asilimia 56 tu. Ndio maana dakika tano zinageuka tisa.

Je, volti ya chini inakula tokeni zaidi? Kwa birika, tofauti ni ndogo: linavuta kidogo kwa muda mrefu zaidi, na joto kiasi linapotea kwa hewa wakati unangoja. Hasara iliyo kwa waya kabla ya mita haihesabiwi kwako. Mita inahesabu kinachopita ndani yake. Lakini waya mwembamba ulioutandaza baada ya mita, huo hasara ni yako na unailipia.

Mota ndio huumia vibaya. Friji, pampu ya maji, na mota ya posho mill. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka pia hufuata volti mara volti, kwa hivyo kwa 180 imebaki na zaidi ya nusu kidogo. Ikishindwa kuzunguka, haitulii. Inavuta karenti kubwa mara kadhaa kuliko kawaida, na hiyo yote inageuka joto kwa koili. Ukisikia mota inaguna bila kuzunguka, zima hapo hapo. Kuirudia mara tano ndio njia ya haraka ya kuichoma, na kurewind mota si pesa ya chai.

Kwa wenye posho mill, kuna mambo mawili ya bure. Kwanza, saga wimbi na mahindi mchana, si saa moja jioni wakati kijiji kizima kimewasha. Pili, kama mota ni kubwa, omba fezi tatu. Mzigo ukigawanywa kwa waya tatu, hasara inapungua sana, na jirani zako hawatakuona taa zao zikilala kila ukiwasha.

Hii ndiyo inachoma nyumba: nyutro ikikatika

Soma hapa polepole, hata kama uliruka kule juu.

Nyumba za mtaa wako zimegawanywa kwa fezi tatu, lakini zote hurudisha stima kwa waya mmoja wa nyutro. Hiyo nyutro ndiyo inashikilia kila nyumba kwa 240. Sasa tuseme upepo umeangusha mti wa mkaratusi, au kiungo kimeoza, na nyutro imekatika huko kwa nguzo. Waya za fezi bado ziko.

Stima haina njia ya kurudi, kwa hivyo inatafuta nyingine: inapita kwa nyumba yako, inaingia kwa nyutro iliyobaki, na kurudi kupitia kwa nyumba ya jirani aliye fezi nyingine. Nyumba mbili sasa zimefungwa kama mnyororo kati ya fezi mbili, na kati ya fezi mbili kuna volti 415. Mnagawana hizo 415, na hamgawani sawa. Anayetumia vitu vingi anapata volti kidogo. Anayetumia kidogo anapata karibu zote.

Kwa hivyo jirani ako kwa shawa, taa yake imelala. Wewe umewasha TV na balbu mbili tu, na unapata karibu 400. TV inalipuka. Chaja inatoa moshi. Kama kuna godoro au pazia karibu, hiyo ni moto.

Dalili zake zishike kwa kichwa:

- Taa zako zinawaka kali kuliko kawaida wakati za jirani zimefifia, kwa wakati mmoja.
- Ukiwasha kitu kikubwa, taa zinabadilika ghafla, pengine zinaongezeka badala ya kupungua.
- Balbu zinalipuka moja baada ya nyingine.
- Bomba la maji au mwili wa friji unakupiga shoti.

Ukiona hata moja, zima main switch ya nyumba. Usianze kuchomoa moja moja. Waambie majirani wazime. Halafu piga Kenya Power kwa 97771 au tumia *977#, na useme maneno haya: nyutro imekatika, volti imepanda. Usipande nguzo, na usimruhusu kijana wa mtaa apande, hata kama ako na pliers na roho ngumu. Waya ulioanguka usiuguse wala kuusongea, hata kama unaonekana umekufa.

Na hapa pia ndipo wizi wa vifaa vya transfoma unaumiza watu wasio na hatia. Waya wa shaba unaoshuka kutoka kwa transfoma hadi ardhini ukikatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, nyutro inapoteza nanga yake. Mtu anapata mia chache, kijiji kinapoteza friji.

Stima ikirudi baada ya kupotea

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru kule Mto Tana, akaanguka kwa transfoma. Transfoma ikajizima, mashine zingine zikazidiwa, na nchi nzima ikaingia giza. Tumbili mwenyewe alipona. Agosti 2023 tukapata giza lingine la karibu nchi nzima, na likarudi mara kadhaa baada ya hapo.

Lakini vitu vingi haviungui stima ikipotea. Vinaungua ikirudi. Wakati stima inarudi, kila friji, kila pampu na kila pasi iliyoachwa imewashwa inavuta kwa pamoja. Volti inashuka, inaruka, inashuka tena, na wakati mwingine stima inapotea na kurudi mara mbili kwa dakika moja. Kwa friji hiyo ni noma, kwa sababu kompresa ikizimwa bado ina presha ya gesi ndani. Ikilazimishwa kuwaka papo hapo inakwama na kupata moto.

Ndio kazi ya kile kidude cha kuchomeka kwa soketi, wenye maduka huita fridge guard. Kinakata stima volti ikishuka au kupanda sana, na ikirudi kinangoja kwanza kabla ya kuwasha. Kama huna, basi chomoa friji stima ikipotea, na ungoje dakika tano hivi baada ya kurudi.

Stabilaiza ni kitu tofauti. Hiyo inapandisha volti kwako, lakini nguvu haitoki hewani. Inavuta ampea zaidi kutoka kwa laini. Kwa hivyo laini inazidi kulegea, na jirani asiye nayo anaumia zaidi. Kijiji kizima kikinunua stabilaiza, kila mtu ametumia pesa na shida iko pale pale.

Radi nayo

Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria ikipanda milima ya Gusii mchana, jioni inaleta ngurumo. Kisii inajulikana kwa radi, hiyo si siri. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini au hata ardhi karibu nayo, inasukuma maelfu ya volti kwa waya kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Fridge guard haiwezi kukata haraka hivyo. Main switch pia si kinga kamili, kwa sababu radi iliyoruka kutoka mawinguni haishindwi kuruka milimita chache za swichi.

Dawa ni ya kizamani: mawingu yakianza kunguruma, chomoa TV kwa soketi, na uchomoe pia waya wa antena au dishi. Wengi huchomoa stima na kusahau dishi, halafu wanashangaa dekoda imekufaje.

Si kila kitu ni cha transfoma yenu

Kuna siku hata hesabu ya mita 600 haielezi. Volti iko chini kuanzia Kisii hadi Nyamira na kupita. Hapo shida iko juu, kwa laini kubwa. Magharibi mwa Kenya iko mbali na vituo vikubwa, na laini kubwa zinazokuja huku ni chache. Sondu Miriu inategemea maji ya mto yanayopita, haina bwawa kubwa la kuweka akiba, kwa hivyo ukame ukija inapungua. Ndio maana kule Muhoroni kuna jenereta za kuchoma mafuta za kusaidia kushikilia volti upande huu. Serikali yenyewe imekiri kwamba jioni laini za magharibi huzidiwa hadi maeneo mengine yazimwe kwa zamu.

Mota pia zina mchango wake. Kila mota, kuanzia ya posho mill hadi zile za viwanda vya chai, huhitaji karenti ya ziada ya kutengeneza sumaku yake. Hiyo karenti inaenda na kurudi kwa waya bila kufanya kazi, lakini inakula nafasi na kushusha volti. Dawa yake ni kapasita, zinazofungwa karibu na mota ili hiyo karenti izunguke hapo hapo badala ya kusafiri kilomita nyingi.

Sasa ufanye nini?

Kwanza jua shida ni ya nani. Volti ikilegea, uliza majirani wawili.

Ni kwako tu, wao wako sawa? Angalia waya zako. Viungo vilivyolegea kwa mita, au ule waya mwembamba uliovuta kwenda kwa nyumba ya mzae. Waya wa shaba wa milimita 1.5 ukiuvuta mita 100, ukiwasha birika la kilowati 2 unapoteza karibu volti 20 kwa huo waya peke yake. Tafuta fundi aliyesajiliwa na EPRA, si yeyote mwenye testa.

Ni nyinyi wa laini moja, kila jioni? Ni umbali na mzigo. Hiyo ni ya kampuni kugawa fezi upya au kuleta transfoma.

Ni nchi yote ya Gusii? Hiyo ni gridi. Chomoa friji, ungoje.

Ni kali kwako na dhaifu kwa jirani? Hiyo ni nyutro. Main switch, sasa hivi.

Kwa ile ya kila jioni, nunua mita ya kupima volti, ile ndogo ya kuchomeka kwa soketi yenye namba, au mtumie jamaa wa mtaa aliye na moja. Pima mara tatu kwa siku kwa wiki moja: mchana, saa moja na nusu jioni, na kabla ya kulala. Andika tarehe, saa na namba. Majirani wako wafanye hivyo pia, na kila mtu apige simu mwenyewe na kuweka namba ya ripoti aliyopewa. Kitu kikiungua, piga picha, weka risiti. Sheria ya Kawi ya 2019 imetaja fidia kwa mali iliyoharibika, na bila rekodi huna kesi.

Ukisema "stima yetu ni mbaya" utaambiwa wameskia. Ukisema "volti 178, saa moja na nusu jioni, siku tano mfululizo, nyumba kumi na mbili chini ya soko, zote fezi moja", umempa fundi kazi inayojulikana inaanzia nguzo gani.